Jumamosi ya Zamu Yetu

Majuzi akina mama wa kanisa letu walipika maharagwe ya watu wa kulima. Shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara inaanzisha bustani, na kanisa liliombwa kusaidia siku ya kwanza. Vijana wangeleta majembe, akina mama wangepika, na mimi, kwa sababu ya mvi zangu, ningeiombea ardhi. Nilifika mapema nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Mama mmoja kijana alileta maharagwe aliyokuwa ameyahifadhi kwa majivu, kama tulivyohifadhi sisi kabla ya dawa za dukani, akayaosha na kuyaosha tena, akayatia kwenye sufuria. Yalipoanza kuchemka nikasikia ile harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua. Hata uyaoshe vipi, maharagwe yaliyolala kwenye majivu hayaiachi harufu hiyo kabisa. Mvuke wake unanukia jiko lililozimika.

Niliondoka pale nikasimama nyuma ya darasa mpaka nilipoitwa. Niliomba. Nimeomba mbele za watu miaka mingi, na maneno hayanipotei. Lakini baada ya kusema Amina sikuweza kufumbua macho, kwa sababu nilijua watoto wamejipanga mstari na majembe yao, na sikutaka kuwaona.

Nilizaliwa upande mkavu, chini ya Naro Moru. Ukitoka Nyeri mjini ukapita Kiganjo unaona mwenyewe jinsi kijani kinavyopungua, hadi unapofika mahali ambapo Mlima Kenya uko karibu kama ukuta wa jirani na bado mvua yake haikufikii. Ardhi yetu ilikuwa malisho ya ng'ombe wa mzungu kabla ya kugawiwa watu. Haikuwahi kulimwa. Juu ilifunikwa na thangari, ile nyasi yenye mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini ya udongo kama kamba, na chini ya thangari udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Baba yangu alilima kipande kimoja, akajenga nyumba ya mabanzi, kisha mti ukamwangukia msituni alikokuwa akipasua mbao. Simkumbuki vizuri. Nakumbuka koti lake, ambalo mama alilivaa akienda kuteka maji.

Shule yetu ilikuwa na kuta za mabanzi pia, na upepo wa mlimani uliingia upande mmoja ukatokea mwingine. Mwalimu wetu aliitwa Wekesa. Alitoka magharibi, mbali, alikosema kwamba mtu akiangusha mbegu njiani anakuta mti akirudi. Alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye kucheka, aliyevaa makoti mawili asubuhi. Tulimpenda. Aliona kwamba wengi wetu tulitoka kwa chakula cha mchana tukakaa tu nyuma ya darasa tukicheza mawe mpaka kengele ilie tena, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na cha kufuata. Siku moja alisimama kwenye kile kiwanja cha thangari kati ya darasa letu na mfereji wa maji, akakipiga kwa kisigino.

"Hapa," alisema, "patatoka kabeji na viazi, na mtakula ninyi wenyewe. Kesho kila mtu aje na jembe."

Tulikuja na majembe ya nyumbani, mengine mipini yake mirefu kuliko sisi. Mwalimu hakutupanga. Tulijipanga wenyewe, kwa sababu tulikuwa tumeona mama zetu wakifanya hivyo tangu tukibebwa mgongoni: mstari mmoja, bega kwa bega, kila mtu na ukanda wake, na mmoja anaanzisha wimbo ili majembe yashuke pamoja. Nyambura ndiye aliyeanzisha. Alikuwa rafiki yangu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umri wake.

"Mwalimu, hii nyasi ni ya shetani," alisema Githinji, ambaye hakuweza kufanya kazi bila mdomo. "Ukiikata inazaa mapacha."

"Basi wewe utakuwa mkunga wake. Lima."

"Na kabeji zikiwa tayari, mkunga atalipwa kichwa kizima ama nusu?"

"Atalipwa majani ya nje."

Tulicheka, na majembe yakashuka. Tulilima asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya masomo, juma hadi juma. Tulichambua ile mizizi myeupe kwa vidole tukaichoma, na moshi wake ulikaa kwenye nywele zetu. Tulibeba samadi kwa magunia kutoka kwa watu wenye ng'ombe. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Nilikuwa nikiyagusa chini ya dawati wakati wa hesabu, kwa furaha ambayo wengine hawakuijua. Wenzangu walilima bustani. Mimi nilikuwa nikilima zamu ya mama yangu.

Lazima nieleze hapa, maana wajukuu wetu hawaielewi tena. Kwetu, kulima kwa mstari kulikuwa na maana moja tu, na jina lake ni ngwatio. Leo wanawake wote wanalima kwa mama Nyambura, na mama Nyambura anawapikia. Kesho kutwa wote wanalima kwa jirani yake, naye anapika. Zamu inazunguka hadi imfikie kila mmoja. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyekumbushwa. Mkono uliotoa ulirudishiwa, na sikuwahi kusikia kwamba ulikosa kurudishiwa.

Mama yangu alikuwa ameanza kuugua kifua. Msimu wa kwanza wa ugonjwa wake wanawake walikuja kumlimia ingawa yeye hakwenda kwao. Msimu wa pili hawakuja. Sitaki mtu afikiri walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na shamba la thangari na watoto wa kulisha, na zamu iliyotolewa bila kurudi ni siku iliyokatwa kwenye chakula cha nyumba yake. Walipita mbele ya lango letu asubuhi, majembe begani.

"Umeamkaje, mama Kariuki?"

"Nimeamka vizuri. Nendeni salama."

Kariuki ni mdogo wangu. Mama aliketi kwenye gunia mlangoni, koti la baba mabegani, akasikiliza wimbo wao ukitoka shamba la mbali hadi ulipoisha. Niliwahi kumwuliza kwa nini hawaiti.

"Nitawaitaje, na siwezi kwenda kwao?" alisema. Kisha akaongeza, "Hivyo ndivyo ilivyo, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Mwaka huo dada yake mkubwa alikuja kututembelea kutoka Tetu, kwenye majani chai na ng'ombe wa maziwa. Tulimwita mama mkubwa. Alitembea shambani peke yake, akarudi, akaongea na mama kana kwamba mimi na Kariuki hatukuwapo.

"Hii nyasi imefika magotini. Mvua ikinyesha hujapanda, mtakula nini?"

"Mungu yuko."

"Yuko, na ndiye aliyenituma mimi. Msichana nitamchukua. Kariuki aende kwa mjomba wake Kiganjo. Wewe ukatibiwe Nyeri."

"Ngoja kwanza mvua," mama alisema. "Shamba likilimwa tutakaa. Lisipolimwa, uje uwachukue."

Ndivyo nilivyojua hesabu yote ya maisha yetu. Shamba likilimwa kabla ya mvua, tungebaki watatu chini ya paa moja. Lisipolimwa, tungetawanyika. Na siku hizohizo mimi nilikuwa natoka shuleni na viganja vigumu.

Bustani ya shule ilipokamilika, matuta yake yamenyooka na miche imeshika, tulikaa kwenye ukingo wa mfereji tukanawa miguu. Nikauliza, kama nilivyowasikia wanawake wakiuliza, "Sasa zamu ni ya nani?"

"Zamu ya tumbo langu," alisema Githinji.

"Nauliza ukweli."

Nyambura alinitazama. Aliijua nyumba yetu. "Si iwe ya mwenye shamba ambalo halijalimwa?" alisema.

Watoto wengine waliacha kunawa, wakafikiri. Naamini hadi leo kwamba walifikiri kweli, na kwamba waliona haki yake, maana walikuwa watoto wa mama zao.

"Ni kwetu," nilisema. "Jumamosi."

"Mko na chakula?" Githinji aliuliza.

"Maharagwe."

"Yako na viazi?"

"Yako na viazi."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza, na mnifiche kijiko kikubwa."

Wote walikubali. Hakuna aliyewaza kumwambia mwalimu. Ngwatio ni ya wenye majembe, na mwalimu hakuwa na jembe.

Nilipomwambia mama, kwanza alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alipotulia aliniuliza nani ametutuma.

"Hakuna. Nimelima kwao, sasa ni zamu yetu."

"Umelima kwa nani?"

"Kwa shule. Kwa darasa lote."

Alivishika viganja vyangu akavigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayechagua viazi sokoni. Baadaye nilimwona akishusha kibuyu kutoka darini, ambamo maharagwe ya mbegu yalilala kwenye majivu yakisubiri mvua. Hatukuwa na mengine. Aliyamimina kwenye ungo akaanza kupepeta majivu.

"Na tutapanda nini?" nilimwuliza.

"Watu hawalimi na njaa. Wakija watoto, mama zao watajua nimerudi kwenye mstari. Mwenye kurudi kwenye mstari hakosi wa kumwazima mbegu."

Nilimwona akiwa na uso ambao sijaona tena kwa mtu mwingine ila kwa wale wanaotoka kubatizwa utu uzima. Nilidhani ni imani. Sasa najiuliza kama haikuwa kitu kingine, kitu anachokifanya mtu ambaye ameshikilia mlango kwa muda mrefu na mkono umechoka.

Ijumaa sikwenda shule. Mama alinihitaji nimchotee maji na kumtafutia kuni. Jumamosi aliamka kungali na ukungu, akavaa gauni la kanisani, akafunga kitambaa kipya kichwani. Alinituma kwa jirani kuazima sahani, na jirani aliuliza mnapika nini, nikasema tuna watu wa kulima. Nilisema kwa sauti ili walioko ndani wasikie. Maharagwe yalichemka, na viazi tukatia mwishoni. Kariuki alipanda juu ya nguzo ya lango kama jogoo.

Ukungu ulipanda, mlima ukaonekana wote, kisha mawingu yakaufunika kama kawaida yake. Chakula kilikuwa kimeiva. Mama alikishusha, akakifunika kwa majani ya mgomba ili kisipoe.

"Nawasikia," Kariuki alisema. "Wanakuja. Wanaimba."

Nilitoka mbio langoni. Ilikuwa kweli. Upepo ulileta wimbo, ule wetu, na sauti ya Nyambura ilikuwa juu ya zote. Niliruka. Nilimwambia mama awashe moto tena. Mama alitoka akasimama nyuma yetu, akatega sikio, na nikamwona akishika nguzo ya lango kwa mkono mmoja.

"Wanatembea polepole," nilisema.

Mama aliendelea kusikiliza. Alikuwa amekaa misimu miwili kwenye gunia lake akisikiliza nyimbo za wanaolima kwingine, na alijua jambo ambalo mimi sikulijua: wimbo wa watu wanaotembea husogea. Huu haukusogea. Ulikaa palepale, upande wa shule, ukinyanyuka na kushuka pamoja na majembe, hadi jua lilipopita utosini, na mimi bado nilikuwa nikisema wanatembea polepole, labda wamepumzika mtoni, labda Githinji anawachelewesha kwa utani wake.

Jioni mama alituketisha akashukuru kwa chakula. Alishukuru kwa maneno yaleyale ya kila siku, bila kupunguza. Tukala. Kisha akaziosha zile sahani za kuazima, na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akatia maharagwe katika kila sahani akanituma nikazirudishe. Jirani alifunua, akatazama, akatazama na shamba letu, kisha akasema, "Asante, mwambie mama asante." Hivyo ndivyo mbegu yetu ilivyoisha.

Jumatatu nilielewa nusu yake. Ijumaa ile niliyokosa, mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba mkaguzi wa shule anakuja, na kwamba Jumamosi kila mtoto aje na jembe kupalilia bustani, asiyekuja atajieleza. Kila mmoja alidhani kuna mwingine aliyeniambia. Nyambura alikaa upande wa pili wa mto na hakuruhusiwa kuvuka peke yake. Mwalimu Wekesa alinisimamisha mbele.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Wenzako walikuwa wanafanya kazi. Wewe ulikuwa unafanya nini nyumbani?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nani?"

"Ninyi," nilisema.

Githinji peke yake ndiye aliyecheka, na alicheka vibaya, kama mtu aliyekabwa, kisha akainamisha kichwa. Mwalimu alidhani namfanyia mzaha. Alikuwa mgeni, na kwao huenda watu hulima kwa namna nyingine. Alinichapa viganjani, juu ya ule ugumu, na haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kuona kuwa bustani haina mikono. Tulikuwa tumelima mahali pasipoweza kutulimia. Nililiona jambo hilo kwa akili ya mtoto: nilifikiri bustani ile imetudanganya yenyewe, kwamba ilikuwa kama mtu anayekula kwenye kila nyumba na kwake hakupiki, na nilipopita karibu na ile miche ya kabeji nilikataa kuitazama.

Mvua ilikuja juma hilohilo. Nyinyi mnaojua upande ule mnajua ilivyo: inanuka vumbi kwanza, halafu watu wote wanatoka. Mama alitoka pia. Alichukua jembe la meno la baba akaanza kung'oa thangari mwenyewe. Mimi na Kariuki tulimfuata nyuma tukiokota mizizi. Alilima kipande kinachotosha kitanda, akapumzika, akalima tena, na mvua ilimpiga mgongoni hadi koti la baba likawa zito. Nilimwomba aache.

"Bado kidogo, mama," alisema.

Tulikuwa hatuna hata punje ya kupanda. Nadhani hakuwa analima kwa ajili ya kupanda.

Siku ya tatu alitapika damu. Lori la maziwa lilimchukua kwenda hospitalini Nyeri, akiwa amelazwa kati ya madebe, na mama Nyambura ndiye aliyetuchukua sisi. Usiku ule nilimweleza yote, maharagwe na sahani na wimbo usiosogea. Alinisikiliza huku akimlaza Kariuki, na alipofika mlangoni kuzima taa aliketi sakafuni akafunika uso kwa leso.

Nimemshukuru Mungu kwa mengi baadaye, na shukrani zangu si za mdomo. Nilisomeshwa. Nilipata mume mpole, watoto wakaishi, nikafundisha watoto wa watu kanisani hadi wao nao wakaniletea watoto wao. Uzeeni nina paa na chai. Lakini mema hayo yalikuja mbali na pale, kwa njia nyingine, kama mto unaoanza bonde jingine. Watu husema Mungu hugeuza baya likawa jema. Mimi nimetafuta mahali ambapo lile liligeuka, nimetafuta kwa saburi, nikiwa nimepiga magoti, na sijapaona. Namngoja anionyeshe. Nimeacha kuwaambia wengine kwamba wataonyeshwa hapahapa duniani.

Asubuhi baada ya usiku ule, Mama Nyambura alikwenda shuleni. Sijui alimwambia nini Mwalimu Wekesa. Najua kwamba mchana wake mwalimu alikuja kwa miguu hadi kwa akina Nyambura, amevaa koti moja tu, akachuchumaa mbele yangu ili uso wake ulingane na wangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, akilikumbuka lile jibu langu la darasani.

Siku iliyofuata walikuja. Darasa lote, mstari mmoja kutoka barabarani, majembe begani, na mwalimu mbele akiwa na jembe la kuazima na mkebe wa mbegu alizokwenda kuomba nyumba kwa nyumba. Na nyuma yao, jambo ambalo sikutarajia, mama zao. Mama Nyambura alikuwa amezunguka. Walijipanga kwenye shamba letu kutoka ukingo hadi ukingo, wakubwa na wadogo wamechanganyika, na Nyambura akaanzisha.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Thangari ilifumuka kama mkeka uliooza. Githinji alilima bila kusema neno, na jasho lilimtiririka hadi nikamhurumia, nikaenda karibu naye.

"Leo hatujapika," nilimwambia.

"Hata," alisema. "Sina njaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. Mwalimu alichimba kwa nguvu nyingi na ufundi mdogo, akiukata mstari, na wanawake wakamcheka kwa upole, wakamwonyesha pa kuweka mguu. Mimi nilikimbia huku na huku nikikusanya mizizi, na kichwani nilikuwa tayari nimemrudisha mama. Nilimwona akishuka kutoka kwenye lori la maziwa. Nilimwona akisimama langoni na kukuta udongo mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza, kwamba ugonjwa wake ulikuwa ni shamba lile, na tukilimaliza atapona siku hiyohiyo. Kwa hiyo kila jembe liliposhuka nililihesabu kama dawa.

Tulikuwa tumevuka nusu. Nilikuwa nimeinama, nikasikia wimbo ukipungua sauti moja, kisha nyingine. Nikainua kichwa. Mama mkubwa wa Tetu alikuwa amesimama penye lango. Viatu vyake vilijaa tope hadi juu, na mkononi alikuwa na fundo la nguo za mama kutoka hospitalini. Alikuwa amesimama tu, akitazama watu wote wale shambani mwa mdogo wake.

Mama Nyambura ndiye aliyeweka jembe chini kwanza. Halafu aliye kando yake. Kwetu, kukiwa na maiti ambaye hajazikwa, hakuna anayeupiga udongo wa nyumba hiyo kwa jembe, na watoto wote wa shule walilijua hilo kama walivyojua majina yao. Majembe yalilazwa moja baada ya jingine, mstari mzima, bila sauti. Githinji alililaza lake akasimama na mikono mitupu, hajui pa kuiweka.

"Mbona mnaacha?" Mwalimu Wekesa aliuliza. Bado alikuwa amelinyanyua lake. "Si tumebakiza kidogo?"

Watu wawili tu kwenye shamba lile hatukuelewa: yeye, kwa sababu alitoka mbali, na mimi, kwa sababu sikutaka. Nilidhani wamechoka. Nilidhani wananiacha tena, kama Jumamosi. Nilimkimbilia Nyambura nikamvuta mkono.

"Bado kidogo," nilimwambia. "Nyambura, imba. Mtamaliza, si bado kidogo tu? Yuko njiani."

Nyambura alinitazama, na hakuimba.

Basi nikaliokota jembe lake. Lilikuwa zito na mpini wake ulikuwa bado na joto la viganja vyake. Nikasimama kwenye ukanda ule, mahali alipoishia, nikalinyanyua nikalishusha, na nikalinyanyua tena. Najua hivi leo kwamba ilikuwa mwiko, na kwamba kulikuwa na wanawake wengi pale wa kunizuia. Hakuna aliyenizuia. Walisimama kwenye mstari uleule, bega kwa bega, wakaniacha nilime.